Tulitambulisha kampuni yetu ya kompyuta, wateja wapya wakapiga makofi, hakuna aliyenunua: tulikosea wapi?

#1 Kijana wa Nyamagana (mleta mada)

Habari za leo wakuu. Mimi na wenzangu watatu tuna kampuni ndogo ya kompyuta hapa Mwanza. Tunauza kompyuta za mezani na kompyuta mpakato, printa na vifaa vya mtandao, tunafunga mtandao wa ndani wa ofisi, na tunafanya matengenezo kwa mkataba. Mwezi Machi tulialikwa Kahama kujitambulisha mbele ya wakuu wa shule binafsi tisa na viongozi wa SACCOS tatu. Niliandaa slaidi 32. Nilianza na historia ya kampuni, dira na dhamira, picha za wafanyakazi na vyeti vya usajili, nikaja kwenye bidhaa na huduma, na slaidi ya mwisho kabisa ikawa na namba zetu za simu. Nilizungumza kwa dakika 50. Walinisikiliza kwa utulivu mkubwa na wakapiga makofi. Swali lilikuwa moja tu, nalo lilihusu bei ya printa. Tangu siku hiyo hakuna aliyetupigia.

Sasa tumepata nafasi nyingine ya namna hiyo Musoma, na safari hii tumepewa nusu saa. Mwenzangu anasema historia ya kampuni iondolewe yote. Mimi naamini kwamba mtu ambaye hajawahi kukusikia hawezi kukukabidhi milioni 20 za shule yake kabla hajajua wewe ni nani na umetoka wapi. Naomba mawazo ya waliowahi kusimama mbele ya wateja wapya, na zaidi ya waliowahi kukaa upande wa wateja: slaidi ya kwanza iwe ya nini, na kwa nini wale wa Kahama walinyamaza?

#2 Mwalimu Mstaafu

Kijana, nimekuwa mkuu wa shule binafsi kwa miaka 14, na nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Dira na dhamira ya kampuni havijawahi kunisaidia kuamua chochote, kwa sababu zote zinasema kampuni inataka kuwa bora katika ukanda wetu.

Kampuni niliyonunua kwake kwa miaka sita mfululizo ilianza hivi. Siku moja kabla ya kikao, kijana wao alikuja shuleni akaomba aonyeshwe chumba cha kompyuta. Alikaa saa nzima akiwasha mashine moja baada ya nyingine na kuandika kwenye daftari. Kesho yake, slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya chumba chetu wenyewe. Akasema: mnazo kompyuta 20, nane ziko salama, 12 zinachukua zaidi ya dakika nne kuwaka, na kipindi chenu ni cha dakika 40, kwa hiyo kila kipindi mnapoteza sehemu ya kumi mkisubiri. Halafu akatuambia tusinunue mashine mpya, bali tubadilishe diski za zamani tuweke SSD, yaani diski za kasi zisizo na kitu kinachozunguka ndani, na tuongeze kumbukumbu kutoka GB 4 hadi GB 8. Alijinyima mauzo makubwa siku ile. Mwaka uliofuata, tulipohitaji kompyuta mpya 15, hatukuita kampuni nyingine.

Ushauri wangu ni kwamba uwahi Musoma siku mbili kabla na utembelee angalau shule mbili na SACCOS moja.

#3 Afisa Ununuzi Mstaafu

Namheshimu sana Mwalimu, lakini kwenye hili siungi mkono hoja yake yote. Mwalimu alikuwa na bahati ya kukutana na mtu mwaminifu. Mimi nimeona malipo ya awali yakitolewa kwa kampuni iliyojieleza vizuri mno, na siku ya kupokea mzigo ikawa hakuna ofisi, hakuna simu inayopokelewa, na mhusika hajulikani alipo. Kampuni za mfukoni zimewatia watu hofu, na hofu hiyo haiondolewi na picha ya chumba cha kompyuta. Mleta mada yuko sahihi kwamba mteja anataka kujua wewe ni nani.

Kosa lake ni kufanya utambulisho uwe mrefu. Slaidi moja inatosha: usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara, uthibitisho wa kulipa kodi, picha ya duka lenu na jina la mtaa lilipo, na wateja watatu waliokubali kupigiwa simu. Kama mnatarajia pia kuuzia serikali, elezeni kuwa mmejisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, ambao tangu 2023 umechukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS, kwa sababu bila usajili huo hata mkurugenzi akiwapenda hawezi kuwapa kazi. Vyeti vyenyewe vichapeni mviweke kwenye bahasha, kwani hakuna mtu aliye safu ya nyuma anayeweza kusoma cheti ukutani.

#4 Fundi wa Buguruni

Wakuu, mnazunguka mbali. Slaidi ya kwanza iwe na tarehe moja tu kwa herufi kubwa: 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Windows 10 ilifika mwisho, maana yake kompyuta nyingi zilizoko kwenye shule na SACCOS hizo zimekwisha kazi. Waeleze hilo, waambie dawa ni Core i5, ile prosesa ya Intel, na utawaona wanakimbilia kalamu. Mteja hununua anapoona hatari.

#5 Dada Mifumo

Fundi, naomba nikurekebishe, kwa sababu mleta mada akilisema hilo mbele ya mwalimu wa TEHAMA anayejua kazi yake, ataaibika. Kompyuta zenye Windows 10 hazikuzimika siku hiyo na zinaendelea kufanya kazi. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama kutoka Microsoft, na hata hayo yapo kwa mpango wa nyongeza: watumiaji wa nyumbani wamepewa hadi Oktoba 2026, na taasisi zinaweza kulipia hadi miaka mitatu, ambapo bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Hatari ipo, tena ni kubwa kwa SACCOS inayotunza akaunti za wanachama, lakini ielezwe ilivyo.

La pili, kusema "dawa ni Core i5" hakumsaidii mteja. Core i5 zimetengenezwa kwa vizazi vingi. Microsoft inataka kizazi cha 8 cha Intel au cha baadaye, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ili mashine ipokee Windows 11. Mfundishe mteja kusoma namba: i5-6500 ni kizazi cha 6 na haikubaliki, ilhali i5-8500 ni cha 8 na inakubalika, na i5-12400 ni cha 12. Ukiwafundisha wakuu wa shule jambo hilo kwa dakika mbili, watarudi shuleni na kugeuza kila mashine kuangalia kibandiko chake, na watakuwa wamelijua kwako.

Mwalimu (#2), hapa nina neno na wewe pia. Ushauri wa SSD ulikuwa mzuri kwa wakati wake. Leo SSD inaharakisha mashine ya kizazi cha 6, lakini haiiwezeshi kupokea Windows 11 kwa utaratibu rasmi. Mashine za namna hiyo zinaweza kuwekewa Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, zikatumika kufundishia.

#6 Mwalimu Mstaafu

Nimekuelewa dada, na asante. Hilo la kizazi cha mashine nisingelijua. Ninachoshikilia ni kwamba yule kijana alikuja kuona kwanza ndipo akasema.

#7 Mhasibu wa Makole

Mimi nadhani wote mmeipita sababu iliyo karibu zaidi. Mleta mada anasema alikwenda Kahama mwezi Machi. Shule binafsi hupokea sehemu kubwa ya ada Januari, na kufikia Machi fedha hizo zimekwishapangiwa mishahara, chakula na madeni ya mwaka uliopita. Hata ungeonyesha slaidi zilizotengenezwa na malaika, ungepigiwa makofi tu. Wakati wa kuzungumza na shule ni Oktoba na Novemba, zinapoandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Kwa SACCOS uliza mapema mkutano mkuu wao ni lini, kwa sababu meneja hana mamlaka ya kununua vitu vikubwa nje ya bajeti iliyopitishwa na wanachama.

Kuna jambo la bei pia. Swali lile moja la Kahama lilihusu bei, na mimi naliona kama mlango mliofunguliwa mkaupita. Bei uliyotaja ilikuwa pamoja na VAT au bila VAT? Huduma ya elimu imesamehewa VAT, kwa hiyo shule haitozi wazazi VAT ambayo ingeweza kukata humo asilimia 18 inazokulipa wewe. Kwao hiyo ni gharama kamili. Ukiandika shilingi 1,000,000 kwenye slaidi, na profoma ikaja na 1,180,000, mhasibu wa shule atakuona huna ukweli, hata kama uliandika "bila VAT" kwa herufi ndogo chini. Andika bei ya mwisho.

#8 Kijana wa Nyamagana (mleta mada)

Nashukuru sana wakuu. Mhasibu, umenigusa. Slaidi zilionyesha bei bila VAT, na kweli tulikuwa tumeandika hivyo kwa herufi ndogo. Aliyeuliza kuhusu printa nilimjibu kwa bei hiyohiyo.

#9 Bi Mkunazini

Kaka, mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Slaidi zako 32 zilikuwa kwa lugha gani?

#10 Kijana wa Nyamagana (mleta mada)

Slaidi zilikuwa za Kiingereza, dada yangu. Maelezo nilitoa kwa Kiswahili.

#11 Bi Mkunazini

Nilidhani hivyo. Basi kwa dakika 50 wageni wako walikuwa wakifanya kazi mbili kwa pamoja: jicho linasoma lugha moja, sikio linapokea nyingine. Mtu aliyechoka namna hiyo haulizi swali, na zaidi ya hapo, anayeogopa kutamka vibaya neno aliloliona ukutani mbele ya wenzake atanyamaza hata kama analo la kuuliza. Andika kwa Kiswahili. Maneno yapo: kompyuta mpakato, kipanya, seva, diski, chelezo, kingavirusi. Pale ambapo neno la Kiswahili halijazoeleka, litaje kwa namna wanavyolitaja wao dukani.

Lakini kuwa mwangalifu, maana Kiswahili nacho kina mitego. Niliwahi kumsaidia jamaa yangu kuandaa utambulisho kwa chama cha akiba na mikopo hapa Unguja. Tuliandika kwa fahari "Dhamana ya miezi 12 kwa kila kompyuta". Baada ya maelezo mama mmoja wa bodi akasimama kwa adabu akauliza kwa nini chama kiweke dhamana ilhali kinanunua kwa fedha taslimu. Kwa watu wa mikopo, dhamana ni nyumba, shamba au kiwanja unachoweka ili ukopeshwe. Tulichotaka kusema ni waranti. Tangu siku ile naandika sentensi nzima: "Ikiharibika ndani ya miezi 12 bila kosa lako, tunaitengeneza au tunakupa nyingine bila malipo."

#12 Mtu wa Mbinu

Naongeza kidogo. Ipo kanuni ya Steve Jobs ya 10/20/30: slaidi 10, dakika 20, na herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 30. Mleta mada aifuate, atafanikiwa.

#13 Mvita Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu Mtu wa Mbinu, kanuni hiyo ni ya Guy Kawasaki, ambaye aliwahi kufanya kazi Apple, na huenda ndiyo sababu umeihusisha na Jobs. Halafu aliitoa kwa ajili ya watu wanaoomba mtaji kwa wawekezaji, ambao kwa siku moja husikiliza maombi mengi. Mkuu wa shule hajaja kutafuta mahali pa kuwekeza fedha. Hata hivyo ukubwa wa herufi ninauunga mkono kabisa, hasa katika ukumbi wa mchana wenye madirisha yasiyo na pazia, ambapo projekta yenye mwanga mdogo huonyesha ukuta mweupe tu.

Mimi huuza kompyuta kwa miaka 11 sasa, na nimeacha slaidi karibu zote. Ninabeba mashine mbili. Moja ni ya zamani yenye diski ya kuzunguka, nyingine ina SSD. Naomba mgeni mmoja abonyeze vitufe vyote viwili vya kuwashia kwa pamoja, halafu nanyamaza. Ya pili inawaka na kufungua jedwali la hesabu wakati ya kwanza bado inazungusha duara. Watu huanza kuzungumza wenyewe. Halafu nafungua kifuniko cha mashine nawaonyesha mahali vumbi linapojaa na jinsi ya kulisafisha. Wakishagusa kwa mikono, maswali huwa mengi kuliko muda. Kule Kahama, kaka, kulikuwa na kompyuta hata moja mezani mbali na ile uliyotumia kuonyeshea slaidi?

#14 Kijana wa Nyamagana (mleta mada)

Haikuwepo. Tulikwenda na vipeperushi.

#15 Fundi wa Buguruni

Dada Mifumo, nimepokea marekebisho, na kizazi cha mashine nilikuwa nakijua, nilifupisha tu. Ila Mvita Kwetu umenikumbusha jambo la umeme. Ukibeba mashine mbili za mezani kwenye ukumbi wa watu, beba na UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Niliwahi kukatikiwa umeme katikati ya maonyesho, projekta ikazima, nikabaki nimesimama gizani nikieleza habari za kasi. Tangu hapo nina nakala za slaidi zilizochapishwa, nina faili lilelile kwa PDF kwenye flashi, na nina kiunganishi cha HDMI kwenda VGA, kwa sababu projekta nyingi za kumbi zetu bado ni za VGA na kompyuta mpakato mpya hazina tundu hilo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye umeme, hapo pana slaidi nzuri kuliko historia ya kampuni. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake tuifanye inakula wati 120. Mashine 20 ni wati 2,400, na kwa saa sita ni yuniti 14.4 kwa siku. Kompyuta mpakato za wati 45, idadi hiyohiyo na saa hizohizo, ni yuniti 5.4. Tofauti ni yuniti tisa kwa siku, na kwa siku 22 za masomo ni yuniti 198 kwa mwezi. Mkuu wa shule anayenunua LUKU kila wiki ataielewa hesabu hiyo bila kutafsiriwa.

#16 Mhasibu wa Makole

Hesabu ni sahihi, lakini uweke na upande wa pili. Kompyuta mpakato huibiwa kwa urahisi, betri yake huchoka, na ikivunjika skrini gharama ni kubwa kuliko kubadilisha skrini ya mezani. Ukionyesha yuniti tu, mhasibu mwenzangu aliye ukumbini atalisema yeye, na litaonekana kama ulilificha.

#17 Dada Mifumo

Naomba tusisahau taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na shule pamoja na SACCOS zinaguswa moja kwa moja, kwa kuwa zinatunza majina ya watoto, namba za simu za wazazi, mishahara na mikopo. Nimewahi kununua kompyuta tano za mtumba, na kwenye moja nikakuta orodha kamili ya mishahara ya wafanyakazi wa ofisi fulani, na saini zao zilizopigwa skani. Niliifuta, lakini nilisikitika sana, kwa sababu watu wale hawakujua kwamba maisha yao yalikuwa yanauzwa pamoja na chuma.

Kampuni inayosimama mbele ya wateja wapya na kueleza kwa uwazi namna inavyofuta diski za zamani kabla ya kuzichukua, na kumpa mteja karatasi ya kuthibitisha hilo, mimi ningeipa kazi hata kama bei yake imezidi kidogo.

#18 Afisa Ununuzi Mstaafu

Hilo la karatasi ya kufuta diski ni zuri, na linarudi palepale nilipoanzia, yaani uaminifu. Lakini nataka kuongeza maelezo mengine kuhusu ule ukimya, tofauti na ya Bi Mkunazini. Kwenye vikao vyetu mdogo haulizi kabla mkubwa hajauliza. Kama wakuu wa shule walikaa pamoja na wamiliki au wenyeviti wa bodi, basi wakuu walisubiri. Na mara nyingi anayejua hasa kinachohitajika, mwalimu wa kompyuta au karani wa SACCOS, hakualikwa kabisa. Kwa hiyo usipime kikao kwa maswali ya ukumbini. Maswali ya kweli huulizwa wakati wa chai, mtu akiwa ameshika kikombe.

#19 Mvita Kwetu

Mzee wangu, mbona kwangu huuliza ukumbini, wakubwa kwa wadogo? Ni kwa sababu mashine iko mezani.

#20 Afisa Ununuzi Mstaafu

Huenda Mombasa watu wana ujasiri zaidi yetu, kijana wangu.

#21 Mwalimu Mstaafu

Kijana wa Nyamagana, tunabishana sisi, na wahusika wapo. Unayo orodha ya waliohudhuria Kahama? Wapigie watatu, usiwauzie kitu, waulize tu.

#22 Kijana wa Nyamagana (mleta mada)

Wakuu, narudi baada ya siku nne. Nilifuata ushauri wa Mwalimu na nikawapigia watatu.

Wa kwanza, mkuu wa shule, alisema alipenda maelezo yetu lakini fedha zilikuwa zimeisha, na akaniomba nirudi Oktoba. Wa pili ni meneja wa SACCOS. Huyu alisema tayari alikuwa na fundi wake wa miaka mingi na hakuona tofauti yetu naye, kwa sababu hatukueleza kitu ikiharibika tutafika Kahama baada ya muda gani. Wa tatu ndiye aliyeniumiza. Alisema alitaka kompyuta sita wiki ileile, kipeperushi alikisahau mezani, namba zetu zilikuwa kwenye slaidi ya mwisho iliyokaa ukutani kwa muda mfupi, na hakukumbuka jina la kampuni. Alinunua kwingine.

Nimeanza kuandaa upya. Namba za simu zitakuwa chini ya kila slaidi. Slaidi zimebaki 11, zote za Kiswahili, bei ni pamoja na VAT, na saa za kufika kwa mteja zimeandikwa kwa kila wilaya. Historia ya kampuni nimeiacha slaidi moja, kama alivyosema Afisa, ingawa mwenzangu bado hajakubali.

#23 Mhasibu wa Makole

Wa kwanza amesema nilichosema: fedha zilikuwa zimeisha.

#24 Bi Mkunazini

Na wa tatu hakukumbuka hata jina la kampuni baada ya dakika 50. Jina lenyewe ni la lugha gani, kaka?

#25 Kijana wa Nyamagana (mleta mada)

La Kiingereza, dada. Maneno manne.

#26 Mvita Kwetu

Mimi nangoja kusikia kama Musoma utabeba mashine. Ukikosa ya zamani yenye diski ya kuzunguka, sema hapa, ninayo ya ziada na ninaweza kuituma kwa basi.

#27 Kijana wa Nyamagana (mleta mada)

Ninayo, kaka, nashukuru. Kesho asubuhi natangulia Musoma kutembelea shule mbili, na ile SACCOS imekubali nione ofisi yao saa nane mchana.